Sekondari ya serikali au binafsi? Jinsi ya kumchagulia kijana shule, hatua kwa hatua

Hakuna mtoto anayesoma "serikali" au "binafsi". Mtoto anasoma katika shule fulani, yenye mkuu wake, mwalimu wake wa hesabu, vyoo vyake na kengele yake. Zipo shule za serikali zinazowaacha mbali majirani zao wa kulipia, na zipo za kulipia ambazo cha kusifiwa ni geti na basi lenye rangi mpya. Kwa hiyo mwongozo huu hautakuambia upande upi ni bora. Utakusaidia kupata shule mbili au tatu unazoweza kuzifikia kweli, uzichunguze moja moja, na kila unapokwenda uwe na swali moja mkononi: mtoto akiingia hapa, anaongezewa nini?

Anza mwaka mmoja kabla ya siku ya kuripoti. Ukiwahi utapata nafasi ya kutembelea shule masomo yakiendelea; ukichelewa utaamua likizoni, kwa kutazama majengo matupu na vipeperushi.

Hatua ya 1: Jua hasa kinachotofautisha

Ukiweka sifa na lawama pembeni, kinachobaki ni mambo manne: nani anagharamia shule, nani anaajiri walimu, nani anaamua mtoto aingie au atoke, na malalamiko yako yanapelekwa wapi. Ubora wa kufundisha haumo humo.

Kila moja kati ya hayo lina faida na hasara yake. Shule binafsi inaweza kumwondoa mwalimu mzembe katikati ya muhula. Inaweza vilevile kumpoteza mwalimu mahiri katikati ya muhula, kwa sababu mshahara umechelewa au shule jirani imemwahidi zaidi. Shule ya serikali kwa kawaida ina walimu waliosomea ualimu na wenye ajira ya kudumu, lakini mmoja akihamishwa, mkuu wa shule hana la kufanya ila kusubiri aletewe mwingine. Binafsi ina uhuru mkubwa wa kumkataa mtoto au kumwambia mzazi amtafutie pengine. Ya serikali mara nyingi inalazimika kuwapokea waliopangiwa, na ndiyo maana madarasa hujaa. Ukiwa na malalamiko, kwenye binafsi unaweza kumkuta mwenye shule na jambo likaisha siku hiyohiyo, au ukajibiwa kwamba kama hujaridhika mlango uko wazi. Kwenye ya serikali kuna ofisi juu ya mkuu wa shule, na juu yake nyingine. Zinakwenda polepole, lakini zipo.

Mpaka wenyewe kati ya pande hizi mbili haufanani kila nchi. Uholanzi, tangu marekebisho ya katiba ya 1917, shule zinazoendeshwa na taasisi binafsi hupata fedha za serikali sawa na zile za umma, na takriban theluthi mbili ya wanafunzi wanasoma humo. Uswidi nayo tangu 1992 inazipa shule binafsi ruzuku kwa kila mwanafunzi, na haziruhusiwi kutoza ada. Unapoambiwa "hii ni binafsi", usikubali neno hilo limalize mazungumzo. Chukua karatasi, andika jina la kila shule, na chini yake majibu ya yale maswali manne. Hiyo karatasi itakufaa mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Soma matokeo kwa jicho la mkaguzi

Hapa ndipo wazazi wengi hupotezwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Bango linasema: "Asilimia 95 wamefaulu." Tuseme shule ya kwanza, tuiite A, ilipokea wanafunzi 120 mwaka wa kwanza. Njiani baadhi walirudishwa darasa, baadhi waliambiwa wahame kwa sababu wastani wao ulikuwa chini, baadhi waliondoka kwa kukosa ada. Waliofika chumba cha mtihani wa mwisho ni 84, na 80 kati yao wakafaulu. Hiyo kweli ni asilimia 95, hakuna aliyedanganya. Shule ya pili, B, nayo ilipokea 120. Waliofanya mtihani ni 116, waliofaulu 92. Bango lake litasema asilimia 79, na mzazi atalipita bila kugeuka. Sasa hesabu kuanzia mlangoni. Kati ya watoto 120 walioingia A, waliotoka na cheti cha kufaulu ni 80, sawa na asilimia 67. Kwa B ni 92, sawa na asilimia 77. Ukiwa hujui mtoto wako atakuwa miongoni mwa wale 84 au wale 36 waliopotea njiani, B ndiyo shule salama zaidi.

Kwa hiyo ombi lako la kwanza ofisini liwe hili: kundi lililofanya mtihani safari iliyopita, walipoingia walikuwa wangapi? Wengine huhama kwa sababu za kawaida, wazazi wamehamishwa kazi au familia imesogea, na wengine huingia katikati. Mkuu wa shule mkweli atakueleza bila kusitasita. Akianza kukuonyesha makombe yaliyo kabatini, umeshajibiwa.

Ombi la pili ni gumu kidogo, ila ndilo lenye thamani. Shule inayopokea watoto wenye alama za juu pekee, kisha ikatoa alama za juu, huenda haikufanya kazi kubwa. Uliza hivi: "Watoto walioingia hapa na alama kama za mwanangu, wanatoka na nini?" Shule inayofuatilia wanafunzi wake itakuwa na jibu, hata kama ni la kukadiria. Shule isiyowahi kujiuliza swali hilo itakusomea majina ya waliofanya vizuri kuliko wote. Ukipewa majina, ulizia waliokuwa katikati ya orodha, maana ndiko watoto wengi waliko.

Usidhani haya ni mashaka ya mzazi mbahili. Mwaka 1966 mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa ripoti nchini Marekani iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 600,000, na walichokuta ni kwamba hali ya familia anayotoka mtoto inaeleza tofauti za alama zaidi kuliko vifaa vya shule. Shirika la OECD, la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi nyingi zilizoendelea, ambalo tangu 2000 huwapima vijana wa miaka 15 wa nchi nyingi kupitia tathmini ya PISA, liliona mwaka 2018 kwamba wanafunzi wa shule binafsi wana alama za juu zaidi katika kusoma. Lakini lilipozingatia hali ya kiuchumi na kijamii ya wanafunzi na shule zao, wastani wa nchi wanachama ukageukia upande wa shule za umma. Mwaka huohuo Robert Pianta na Arya Ansari wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto zaidi ya 1,000 tangu kuzaliwa hadi miaka 15. Faida ya waliopitia shule binafsi ilitoweka kipato cha familia kilipowekwa kwenye hesabu.

Tafiti hizi zinazungumzia wastani, na nyingi zimefanyika katika nchi ambazo shule ya umma ina walimu wa kutosha. Mahali ambapo sekondari ya serikali iliyo karibu nawe haijapata mwalimu wa fizikia kwa mwaka mzima, hakuna wastani wa dunia utakaomfundisha mtoto wako fizikia. Zichukue kama sababu ya kutokulipa kwa kudhani tu, kisha nenda ukaone mwenyewe.

Hatua ya 3: Mtazame mtoto uliye naye

Wazazi huchagua shule kwa ajili ya mtoto wanayemtamani. Yule aliye nyumbani anaweza kuwa tofauti kabisa.

Keti uandike bila kumpendelea. Anajisomea bila kusukumwa, au ukigeuka tu daftari limefungwa? Akikwama, huuliza au hunyamaza? Anapenda kushindana, au mashindano humfanya ajifungie? Kijana anayejisukuma mwenyewe anaweza kustawi hata katika darasa la watu sitini, mradi kuna vitabu na walimu wanaojua wanachofundisha. Mkimya asiyenyoosha mkono anaweza kupita mwaka mzima katika darasa hilo bila mwalimu kulijua jina lake. Huyu wa pili ndiye ambaye darasa dogo linaweza kumbadilisha, na kama kuna mahali pesa ya ada inafanya kazi waziwazi, ni hapo. Lakini hakikisha darasa ni dogo kweli. Zipo shule za kulipia zenye wanafunzi wengi kwa darasa kuliko ya serikali iliyo upande wa pili wa barabara.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wanaotafuta "shule kali" hawapendi kulisikia. Tangu miaka ya 1980 mtaalamu wa saikolojia ya elimu Herbert Marsh amekuwa akionyesha kwamba wanafunzi wawili wenye uwezo uleule hujiona tofauti kulingana na waliowazunguka: aliye katika shule ya wenye alama za juu sana hujiona hajui, na aliye katika shule ya mchanganyiko hujiona anaweza. Mwaka 2003 yeye na Kit-Tai Hau waliona hali hiyo ikijirudia katika data za nchi 26. Kijana aliyezoea kuwa wa tatu, akijikuta wa tisini, anaweza kupanda kwa hasira au kukata tamaa kabisa. Wewe unamjua ni wa namna gani. Mitihani ya kuingilia haijui.

Kama mtoto ana hitaji maalumu, iwe ni shida ya kusoma na kuandika, kusikia, kuona, au kutulia, liweke juu ya orodha na usilifiche ili apate nafasi. Uliza kwa jina: nani atakayemhudumia, amesomea nini, yupo siku ngapi kwa wiki? Katika nchi nyingi sheria inaibana shule ya serikali kuwahudumia watoto hawa zaidi kuliko inavyoibana ya binafsi, ambayo inaweza kusema tu kwamba haina uwezo. Lakini sheria na mwalimu aliyepo ni vitu viwili. Omba kumwona mwalimu.

Na kijana mwenyewe? Msikilize mapema, kabla hujaamua, na mwambie wazi kwamba atasikilizwa lakini uamuzi wa mwisho ni wa wazazi. Ukimwuliza "unataka shule gani?" atataja walikokwenda marafiki zake. Mwulize badala yake: ni somo gani hungependa kulikosa, ni kitu gani shuleni kinakuogopesha, ungejisikiaje kulala mbali na nyumbani? Majibu ya hayo ndiyo yatakayokusaidia. Wakati mwingine jibu ni la ajabu kidogo, kwamba hataki kwenda shule fulani kwa sababu hakuna uwanja, na ukichimba unakuta mchezo ndio unaomfanya aamke asubuhi.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya miaka yote, siyo ya muhula mmoja

Ada ya mwaka wa kwanza ni sehemu tu ya bei. Tuseme ada ya mwaka ni 100, ya sarafu yoyote ile, na shule huipandisha asilimia 8 kila mwaka. Miaka minne itakuwa 100, kisha 108, kisha karibu 117, kisha 126. Jumla ni takriban 451, wakati wewe kichwani uliweka 400. Sasa ongeza yale yasiyoandikwa kwenye ukurasa wa mbele: fomu, sare za siku nne tofauti, usafiri, chakula, vitabu, kompyuta au tableti, masomo ya ziada, safari za mafunzo, ada ya mtihani, mahafali. Yakifika asilimia 30 ya ada na kupanda nayo, jumla inakaribia 586. Hicho ndicho kiasi cha kukiwekea akiba, karibu mara moja na nusu ya ulichodhani.

Omba orodha kamili ya malipo ya mwaka uliopita, iliyotolewa kwa mzazi halisi, siyo ile ya tangazo. Uliza pia ada imepanda mara ngapi katika miaka mitano iliyopita. Mzazi mwenye mtoto wa mwaka wa mwisho atakujibu haraka kuliko mhasibu.

Ya serikali nayo si bure hata pale ada ilipofutwa. Kuna michango, sare, nauli, na mara nyingi tuisheni ya jioni kwa sababu darasani watoto ni wengi. Iwekee hesabu yake kwa uaminifu uleule. Kisha toa moja kwa nyingine. Ile tofauti inayobaki ndiyo bei ya kweli ya kuchagua binafsi, na unatakiwa kujiuliza ingefanya nini kama ingebaki nyumbani: mwalimu wa ziada wa somo analoshindwa, vitabu, kompyuta, au akiba ya chuo. Mara nyingine mwalimu mmoja mzuri wa ziada, saa mbili kwa wiki, anaziba pengo lote lililokufanya uitazame shule ya kulipia.

Kipimo changu cha mwisho kwenye fedha ni kigumu, na sioni sababu ya kukilainisha: kama kipato kimoja nyumbani kikisimama kwa muhula mmoja, mtoto atabaki shuleni? Kama hapana, shule hiyo ni ghali kwenu, hata kama ada ya muhula wa kwanza mnayo. Kijana anayerudishwa nyumbani kila wiki kufuata ada hukosa vipindi, na mbele ya wenzake hukosa zaidi ya vipindi. Wakumbuke na wadogo zake. Ukimpa wa kwanza kila kitu, wa tatu atakuuliza siku moja, na utakuwa huna jibu.

Ukiona pengo dogo tu, ulizia nafasi za ufadhili au punguzo la ndugu wawili. Shule nyingi za kulipia wanazo na hawazitangazi.

Hatua ya 5: Tembelea siku ya kawaida

Siku ya wazazi shule zote ni nzuri. Nenda siku ambayo hakuna sherehe, asubuhi, na piga simu mapema ili usionekane mvamizi. Shule isiyokubali mzazi aione ikiwa kazini ina sababu zake.

Fika kabla ya kipindi kubadilika na usimame mahali unapoona milango ya madarasa. Kengele ikilia, tazama saa. Walimu wakiingia ndani ya dakika chache, mengi yako sawa. Zikipita dakika kumi na tano na madarasa mawili bado yana kelele bila mtu mzima, zidisha upotevu huo kwa vipindi vya siku na siku za mwaka. Hakuna maabara itakayoufidia.

Kisha omba madaftari. Hapa usione haya. "Mwalimu, samahani, ningependa kuona madaftari matatu ya hesabu, ya watoto wa kawaida tu." Wengi hukubali. Angalia tarehe: kazi ya mwisho ilitolewa lini na ilisahihishwa lini? Angalia kosa: limepigwa mkasi tu, au pembeni kuna maneno yanayoonyesha hatua iliyokosewa? Angalia kama mtoto alirudia kazi baada ya kusahihishwa. Daftari lenye alama za vyema ukurasa baada ya ukurasa, bila neno hata moja, linaonyesha mwalimu aliyesahihisha kwa haraka, na wakati mwingine majibu yenyewe hayako sahihi. Dakika tano na madaftari matatu zitakuambia kuhusu ufundishaji kuliko saa nzima ofisini kwa mkuu.

Maktaba: usihesabu vitabu, omba daftari la kuazimia. Kama jina la mwisho liliandikwa miezi mitatu nyuma, vile vitabu ni pambo. Maabara: meza zina madoa ya kutumika, au zinang'aa na kemikali bado zina vifuniko vya kiwandani? Madoa ni habari njema. Vyoo: ingia. Kama maji hakuna na milango haifungi, msichana atakuwa anakosa masomo siku kadhaa kila mwezi, na uongozi unaoliona hilo kila siku bila kulishughulikia utaacha na mengine.

Zungumza na wanafunzi, ikiwezekana bila kiranja aliyechaguliwa kukutembeza. Swali zuri kwao ni jepesi: "Usipoelewa somo, unafanyaje?" Wakikutajia mwalimu kwa jina, vizuri. Wakitazamana na kucheka, umeelewa. Kisha muulize mkuu wa shule hili: darasa la mtihani la sasa limefundishwa hesabu na walimu wangapi tangu mwaka uliopita? Mmoja au wawili ni kawaida. Wanne ni dalili ya shule ambayo walimu hawakai, iwe ya serikali au ya binafsi.

Ya serikali itembelee vivyo hivyo. Wazazi wengi huikataa kwa kusikia tu, kisha wanaichunguza ya binafsi kwa siku nzima.

Hatua ya 6: Masomo na mtaala

Usiulize "mnafundisha sayansi?" Uliza ni wanafunzi wangapi walifanya mtihani wa kemia safari iliyopita na nani aliwafundisha. Mchepuo ulioandikwa kwenye fomu unaweza usiwe na mwalimu. Shule kubwa za serikali mara nyingi zina michepuo mingi kwa sababu tu zina watoto wengi. Binafsi ndogo inaweza kuwa na darasa tulivu lakini ikamlazimisha kijana kuacha somo analolipenda.

Kama shule ya binafsi inafuata mtaala wa kimataifa, kwa mfano ule wa International Baccalaureate ulioanzia Geneva mwaka 1968, au wa Cambridge, ulizia mambo mawili tu: vyuo unavyovifikiria vinakitambuaje cheti hicho, na mtoto akilazimika kurudi mtaala wa taifa katikati ya safari ataingia darasa gani. La pili watu hawaliulizi mpaka fedha zimeyumba.

Hatua ya 7: Umbali na usingizi

Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kinapendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kilishauri sekondari zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi. Saa ya mwili wa kijana husogea kuelekea usiku zaidi anapobalehe, akachelewa kusinzia na kuamka. Ule uzito wa kuamka hauanzi na uvivu. Sasa weka ratiba halisi mezani. Kama basi la shule linampitia saa 11 alfajiri na anamaliza kazi za nyumbani saa 5 usiku, analala chini ya saa 6. Shule nzuri ya mbali inaweza kushindwa na shule ya wastani iliyo karibu, kwa hesabu hiyo peke yake.

Fanyeni safari yenyewe mara moja, asubuhi ya siku ya kazi, wewe na yeye, kwa usafiri atakaoutumia.

Bweni huondoa tatizo la safari na kuleta mengine: nani yuko nao usiku, watoto wangapi kwa mlezi mmoja, akiugua saa 8 usiku inakuwaje, na unaweza kumpigia simu lini? Bweni humfaa kijana aliye tayari. Kumpeleka ili "akanyooshwe" ni kuwakabidhi wageni tatizo ambalo wewe mwenye damu yake hujalielewa.

Hatua ya 8: Nidhamu na usalama

Kila shule itasema haina uonevu. Swali linalofanya kazi ni la tukio: "Mara ya mwisho mwanafunzi aliponyanyaswa na wenzake, mlifanya nini?" Unataka kusikia hatua, nani aliitwa, mzazi alijulishwa lini. Ulizia adhabu zinazotolewa na nani anaziidhinisha, na kama shule ina mtu ambaye mtoto anaweza kumweleza jambo la aibu bila kupita kwa mwalimu wa darasa. Jibu la "hapa hatujawahi kuwa na tatizo hilo" katika shule yenye mamia ya vijana halipaswi kukutuliza.

Hatua ya 9: Amua

Anza kwa kuondoa. Shule isiyopita kipimo cha fedha, isiyo na somo la lazima kwa kijana, au iliyokutia wasiwasi kuhusu usalama, itoke kwenye karatasi hata kama mengine yote ni mazuri. Usiipe alama, itoe.

Zilizobaki zipimwe kwa mambo matatu au manne yenye uzito kwa mtoto huyu, uliyoyaandika kwenye hatua ya tatu. Wazazi wawili mkiwa hamkubaliani, kila mmoja aandike peke yake kwanza, kisha linganisheni. Mara nyingi mtagundua mnabishana juu ya jambo moja tu, na mara nyingi jambo hilo ni watu watasemaje. Ndugu na majirani watakuwa na maoni juu ya jina la shule. Wasikilize kwa heshima, wapeni chai, na karatasi ikae chumbani.

Shule mbili zikikaribiana, chagua iliyo karibu na nafuu. Ushahidi wa hatua ya pili haukupi sababu ya kulipa zaidi kwa tofauti usiyoweza kuionyesha kwa kidole.

Kama uamuzi ni binafsi, soma mkataba wa kujiunga kabla ya kulipa hata amana. Tafuta vifungu vinne: mtoto akihama mnarudishiwa nini, mnatakiwa kutoa taarifa ya muda gani, shule inaweza kupandisha ada katikati ya mwaka, na inaweza kuzuia vyeti au ripoti kwa sababu ya deni. Thibitisha kwenye ofisi ya elimu, siyo shuleni, kwamba shule imesajiliwa na kwamba ni kituo cha mtihani wa taifa. Isiyo kituo huwapeleka watoto kufanyia mtihani kwingine, na hilo ulijue mapema. Kama uamuzi ni serikali, ulizia utaratibu na tarehe za maombi, kama kuna maeneo ya makazi yanayopewa kipaumbele, na weka vyeti vya kuzaliwa na matokeo tayari. Nafasi nyingi hupotea kwa karatasi zilizochelewa.

Hatua ya 10: Muhula wa kwanza

Usimhukumu mtoto wala shule kwa ripoti ya kwanza. Alama hushuka wanapohamia sekondari, hata kwa waliokwenda mahali sahihi. Wiki ya sita hivi, pitia madaftari yake kwa macho yaleyale uliyotumia siku ya ukaguzi, na zungumza na mwalimu wa darasa mkiwa wawili. Kuna dalili za kuchukua kwa uzito: hapati usingizi, hataki kula, amekuwa na maumivu ya tumbo kila asubuhi ya shule, au hana jina hata moja la rafiki wa kukutajia.

Ikibidi kuhama, hamia mwanzoni mwa mwaka na si ndani ya mwaka wa mtihani, kwa sababu usajili wa watahiniwa hufungwa mapema na mchepuo unaweza usilingane. Kabla ya kuaga shule ya zamani, pata kwa maandishi kwamba mpya imempokea, darasa lipi na masomo yapi. Ondoka na barua ya uhamisho, ripoti zote na risiti za ada, na hakikisha jina lake limeandikwa vilevile katika kila karatasi, herufi kwa herufi.